Moto Uliowekwa Akiba: Namna Chakula Kinavyopata Joto Bila Jiko

Hotuba kwa wavuvi, mama lishe na wanafunzi wa sekondari, Mikindani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, wanafunzi, habari za jioni. Viongozi wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia rasilimali za uvuvi, asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kunipa nafasi baada ya chai. Mwalimu wa kemia akisimama mbele ya watu wenye njaa hasikilizwi hata akiongea dhahabu.

Nimeombwa nizungumzie vile vyakula vya pakiti mnavyoviona kwenye simu. Mtu anafungua boksi, anatia kifuko chini, anamimina maji baridi, anafunika, na baada ya muda mfupi mvuke unafoka, chakula kinatokota. Hakuna jiko, hakuna gesi, hakuna kiberiti. Kijana mmoja hapa aliniuliza kama ni kweli au ni video za kutengenezwa. Ni kweli. Mwingine akauliza kama kuna betri ndani. Hakuna. Na bibi mmoja, simtaji jina maana amekaa mstari wa pili, alisema chini kwa chini kwamba chakula kinachochemka bila moto hakina heri. (Kicheko.)

Bibi, naanza na wewe, kwa sababu umegusa penyewe. Moto upo. Ila haukuwaka hapa mezani. Uliwaka mahali pengine, siku nyingine, ukawekwa akiba. Tukilielewa hilo moja, mengine yote yanajieleza: kwa nini kitu hiki kinafanya kazi, kwa nini ni ghali, kwa nini mvuvi anaweza kukihitaji wakati mama lishe hana shida nacho, na kwa nini mtoto akikichezea anaweza kupoteza jicho.

Kifuko cha aina ya kawaida kabisa kina chokaa. Ndiyo, chokaa. Na watu wa Mikindani hamhitaji kufundishwa chokaa. Hizi nyumba kongwe za mji wetu zimesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wazee mliowahi kuona tanuri la zamani mnakumbuka: magogo yanapangwa mviringo, mawe ya matumbawe yanalundikwa juu, moto unatiwa, unaunguruma usiku kucha na watu hawasogei karibu. Asubuhi yake mawe yamekuwa meupe, mepesi, yanapukutika. Watu wanayanyunyizia maji, nayo yanavimba, yanapasuka, yanafuka. Mtu asiyejua akikanyaga pale pekupeku alikuwa anakiona cha moto.

Kilichotokea ndani ya tanuri ni hiki. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe linaachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Ukichoma gramu 100 za jiwe safi, gramu 44 zinapanda angani, unabaki na gramu 56. Hizo 56 ni oksidi ya kalsiamu, chokaa ambayo haijaguswa na maji. Wanafunzi, andikeni. Wazee, nyie mnaijua, ile inayouma ulimi.

Jiwe haliachii hewa yake bure. Lazima ulilipe joto, na joto hilo linatoka kwenye magogo. Ili nipate hizo gramu 56 za chokaa, jiwe linameza kilojuli 178. Msiogope neno kilojuli. Lita moja ya maji ukitaka ipande nyuzi moja tu, unatumia kilojuli 4 na kidogo. Basi hiyo 178 ni joto ambalo limeingia kwenye jiwe na halijatoka. Tanuri limepoa, chokaa ukiishika ni baridi, lakini deni la joto limo ndani.

Sasa tia maji. Chokaa inanyakua maji kwa pupa, inageuka kuwa chokaa iliyozimwa, na kwa zile gramu 56 inakurudishia kilojuli 65. Hapo ndipo maji ya kifuko yanapochemka. Hakuna uchawi, ni moto wa tanuri unarudi.

Ni kama kibubu. Unaweka 178, unavunja, unakuta 65. Mwanafunzi makini ataniuliza: mwalimu, na 113 zimekwenda wapi? Hazijaibiwa. Zimo bado ndani ya chokaa iliyozimwa, zinasubiri hewa ya ukaa. Ukipaka chokaa ile ukutani, kidogo kidogo inavuta hewa ya ukaa kutoka angani, inarudi kuwa jiwe lilelile la kwanza, na wakati inarudi inatoa zile 113 zilizobaki. Inazitoa polepole mno, kwa miezi na miaka, hata mkono hauhisi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, chokaa yake ilichomwa kwa moto wa kuni za pwani hii, na joto la moto ule lilirudishwa hewani na kuta zenyewe, watu wakiswali pembeni bila kujua. Mimi nimefundisha hesabu hii miaka mingi, 65 na 113 kuwa 178, na bado kila nikiiandika ubaoni nasimama kidogo kuitazama. Inakaa sawasawa kabisa.

Turudi kwenye chakula, maana naona mama lishe wananitazama.

Wenzetu wamepanga kitu hiki kwa namna mbalimbali. Japani, kwenye vituo vya treni wanauza chakula cha boksi, na baadhi ya maboksi yana uzi unaochungulia pembeni. Unavuta uzi, kifuko cha maji kinapasuka ndani, maji yanaifikia chokaa, unangoja dakika chache unakula. China wana maboksi ya mchuzi wa pilipili, vyombo viwili: cha juu kina chakula, cha chini kina kifuko, na maji unamimina mwenyewe. Mfuniko una tundu. Lile tundu nitalirudia, likumbukeni.

Kuna na makopo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwapa askari wao makopo ya supu ya Heinz yaliyokuwa na bomba katikati, ndani ya bomba mna baruti ya kuungua taratibu. Askari anagusisha sigara kwenye utambi, supu inapata moto. Walivuka nayo kwenda Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Ile haikuwa chokaa, ilikuwa moto wa kweli ndani ya kopo, na askari alitakiwa kwanza atoboe matundu juu. Aliyesahau, kopo lilimpasukia usoni na supu yake. Mnaona tundu linavyofuatana nasi?

Kopo linalonifurahisha zaidi ni la mwaka 2001. Nescafé walitoa Uingereza kahawa ya kopo: unabonyeza kitako, maji yanaingia kwenye chokaa, kahawa inapata joto. Mwaka uliofuata ikaondolewa sokoni. Kisa? Wakati wa baridi kahawa haikuwa moto wa kutosha. Hapa kuna somo ambalo wengi hawalioni. Kifuko hakikupi nyuzi fulani za joto. Kinakupa nyongeza. Kopo lile lilikuwa linaongeza nyuzi 40 hivi. Uingereza mwezi wa kwanza, kopo lililokaa nje lina nyuzi 5, ongeza 40 unapata 45, hiyo ni kahawa ya mtoto mchanga. Lilete kopo lilelile hapa, likae dukani kwenye nyuzi 30, ongeza 40, unapata 70, unapuliza kwanza ndipo unywe. Kitu kilichoshindwa kule kingefanya kazi Mtwara bila kubadilishwa hata msumari. Jua la Mtwara limeshakufanyia nusu ya kazi. Hata jiko lako la mkaa linajua hilo, ndiyo maana sufuria hapa inachemka mapema kuliko ya Makete kwenye baridi.

Sasa tuone kwa macho. (Hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu alisogea mezani na kipimajoto.) Humu kwenye sufuria kuna vipande vya chokaa kutoka tanurini, nimevihifadhi kwenye kopo lililofungwa vizuri. Juu yake naweka pakiti ya wali na mchuzi wa samaki. Soma. Ishirini na tisa. Namimina maji. Rudini nyuma kidogo, nyie wa mbele, na mtu asiinamie sufuria. Sikieni: kwanza kimya. Chokaa nzito inachelewa kuamka, chokaa laini inaamka mara moja, ndiyo maana viwandani wanaisaga. Haya, imeanza. Huo ni mvuke, siyo moshi. Nafunika, naacha upenyo.

Wakati inachemka niwaeleze aina ya pili, maana jeshi la Marekani halitumii chokaa. Tangu miaka ya 1990 askari wao wanabeba mfuko mwembamba wenye unga wa magnesiamu uliochanganywa na chuma kidogo na chumvi. Magnesiamu ni madini mepesi, yanayopenda kuoza kupita kiasi. Kwa kawaida yanajifunika ngozi nyembamba ya kutu nyeupe, na ngozi ile inayakinga. Chumvi inaitoboa ngozi. Chuma nacho kinaharakisha, kwa sababu madini mawili tofauti yakikutana ndani ya maji ya chumvi, moja linaliwa haraka. Hilo mnaojua injini za boti hamhitaji ushahidi wangu. Basi kile ambacho bahari inafanya kwenye boti yako kwa miaka, mfuko ule unakifanya kwa dakika kumi na ushee, na joto la miaka yote linatoka kwa mkupuo.

Nguvu yake ni kubwa. Gramu moja ya chokaa inatoa kilojuli 1 na kidogo. Gramu moja ya magnesiamu inatoa zaidi ya 14. Ndiyo maana mfuko wa askari ni mwepesi, anamimina maji vijiko vichache tu, anauegemeza. Kwenye mfuko wenyewe kuna mchoro unaomwambia auegemeze kwenye “jiwe au kitu chochote”. Napenda maelekezo ya namna ile. Mtu aliyeyaandika alijua askari hana meza.

Ila magnesiamu ina gharama yake. Inaponyakua maji, inaachia haidrojeni. Kila gramu moja, lita moja hivi ya haidrojeni. Mfuko wenye gramu 8 unakuachia lita 8 za hewa isiyo na rangi wala harufu, inayowaka kwa cheche moja. Yale maboksi ya China nayo mara nyingi yana unga wa alumini ndani ya chokaa, na alumini ikikutana na maji ya chokaa inatoa haidrojeni ileile. Treni za kasi za China zimepiga marufuku kuyafungua ndani. Kwa hiyo ndugu zangu, usifungue kitu hiki ndani ya gari lililofungwa vioo, usifungue kwenye chumba kidogo cha chini ya jahazi, na kama umeshika sigara, kaa mbali nacho mpaka kimalize.

Tusome. Sitini na nne. Bado inapanda, tuiache.

Kwa nini maji yasipite mia? Kwa sababu maji ndiyo breki. Yakifika 100 yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Maji yakitosha, kifuko kinajitawala chenyewe. Maji yakiwa haba, breki imekatika: chokaa inapanda mamia ya nyuzi, inaweza kuunguza mbao. Karne ya 19 mji wa Rockland, jimbo la Maine huko Marekani, uliuza chokaa kwa merikebu. Manahodha wa merikebu zile hawakuogopa dhoruba kuliko walivyoogopa tundu dogo la kuvujisha maji. Maji kidogo yakifika kwenye mapipa, chokaa inapata moto, mbao zinashika. Na ukimwaga maji kuzima, unaongeza moto! Walichofanya ni kuziba kila upenyo kwa plasta ya chokaa ili moto ukose hewa, kisha wanaitoa merikebu mbali na nyingine, wanakaa wanasubiri, siku hata wiki. Mwenye chombo hapa anielewe: ukibeba vifuko hivi, vikae juu, pakavu, na visikae chini ya mabati yanayovuja.

(Mwanafunzi alisoma: sabini na mbili.) Haya. Nahodha, njoo uonje wewe wa kwanza, tukipata tatizo bado tuna manahodha wengine. (Kicheko.)

Swali linalofuata ni la shilingi. Tupige hesabu pamoja. Wali na mchuzi, gramu 300, kutoka nyuzi 28 kwenda 75, unahitaji kilojuli 50 hivi. Chokaa ni gramu 45 ikiwa hakuna kinachopotea. Lakini mvuke unatoroka, sufuria inakunywa joto, kwa hiyo mpe mara mbili, gramu 90. Ongeza maji, ongeza kifuko kisichopitisha unyevu, ongeza boksi la pili la nje. Umebeba mzigo wa kupashia unaokaribia uzito wa chakula chenyewe, na ukimaliza unautupa.

Mkaa je? Kilo moja ya mkaa ina kilojuli 29,000 hivi. Hizo 50 zimo ndani ya gramu mbili za mkaa, kipande ambacho mama lishe akikiona chini hainami kukiokota. Hata tukisema jiko lako linapoteza sehemu nne katika tano za joto, bado ni gramu kumi. Kwa hiyo mama zangu, mtu akija na mabango kwamba chokaa ya kopo itawaondoa kwenye mkaa, mwambieni aende. Hiyo chokaa yenyewe ilichomwa kwa moto mkubwa kuliko utakaopata. Mlango wa kuondoka kwenye mkaa upo kwingine. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na hapa Mnazi Bay mwaka 1982, na suala la kuifikisha kwenye meko ya Kusini ni mazungumzo ya siku nyingine, tena marefu.

Nani basi anakihitaji? Yule ambaye hawezi kuwasha moto hata akiwa na mkaa wa bure. Kwenye jahazi kuna jiko ndani ya sanduku la mchanga, mpishi anapika safari nzima. Kwenye ngalawa huna hata pa kukunja miguu. Unatoka jioni na taa zako, unarudi alfajiri, usiku wa manane umelowa, kaskazi au kusi linakupiga, na chakula chako ni ugali uliopoa tangu magharibi. Pale, boksi moja lenye joto lina thamani nyingine. Mtu aliyelowa akipata kitu cha moto tumboni anaendelea kufanya kazi kwa akili. Silinganishi bei hapo.

Mwingine ni msafiri aliyekwama. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika pale Somanga. Mabasi yalisimama, watu na watoto, mvua juu, maji chini. Kuni zimelowa, chakula cha jirani kimeisha. Kwa hali ya namna ile mimi ningependa kuona vyakula hivi vimewekwa ghalani kwenye maandalizi ya maafa ya mikoa yetu miwili, Lindi na Mtwara. Vinakaa muda mrefu, maji ya kupashia yanaweza kuwa ya mtaroni kwa sababu hayagusi chakula, na yakiwa na chumvi kwenye ule mfuko wa magnesiamu hayadhuru kitu. Sharti lilelile: unapashia nje ya basi, chini ya turubai lililo wazi pembeni.

Mama mmoja ameinua mkono muda mrefu. Karibu mama.

(Aliuliza: je, kinaweza kupasha kiporo changu, au kupika samaki mbichi niliyemtia mwenyewe?)

Swali zuri sana. Chakula cha kiwandani kimeshapikwa na kuuliwa vijidudu ndani ya pakiti iliyofungwa, kwa joto la nyuzi 121 kwenye mtungi wa mgandamizo. Kifuko kazi yake ni kukifanya kipendeze mdomoni tu. Hata kisipopata joto, ungekula salama. Kiporo chako hakijapitia huko. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie nyuzi 70 mpaka katikati, na kisikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kupikwa. Kifuko kinapasha upande mmoja. Pembeni panatokota, katikati pamebaki vuguvugu ambalo vijidudu wanalipenda. Kiporo cha wali kikandamize kiwe chembamba, uache mvuke ukizunguke, ukigeuze. Samaki mbichi, hapana. Mpike kwenye jiko lako.

Kuna mtu atakuwa ameona vile vifuko vya plastiki vyenye kibati ndani, unabonyeza kinakuwa moto, halafu ukikichemsha kwenye maji kinarudi kama mwanzo. Hicho ni chumvi ya asetati ya sodiamu, na uzuri wake ni kwamba kibubu kinajazwa tena. Lakini kinayeyuka kwenye nyuzi 58, hivyo hakiwezi kukupa zaidi ya hapo. Kwa mgongo unaouma, kizuri. Kwa kiporo, hakifiki.

Sasa hatari, na hapa naomba walimu na wazazi wanisikilize bila kucheka. Chokaa ni babuzi. Walaji wa tambuu mnajua, ukizidisha inachubua mdomo, na ile ni chokaa iliyozimwa tayari. Hii ya kifuko, ikiingia kwenye jicho lenye machozi, inazimikia humohumo: inaunguza kwa joto, kisha inaunguza kwa ukali wake. Mtoto akipata ajali ile, pangusa kwanza unga uliobaki usoni, fungua jicho, mwagia maji safi mengi kwa dakika 20 bila kusimama, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Usitie maziwa, usitie mafuta ya nazi, usitie limau eti kwa kuwa limau ni tindikali. Maji tu, na mengi.

Na lile tundu. Mvuke lazima utoke. Kifuko cha chokaa kinavimba pia, kwa sababu chokaa ikizimwa ukubwa wake unakaribia mara mbili. Kijana anayeziba tundu ili kipate moto haraka, au anayetia kifuko kwenye chupa na kukaza kizibo ili aone, ametengeneza bomu. Wanafunzi, nimewaona mnavyotazamana. Mkitaka kuona mlipuko njooni maabara tutazame pamoja, mkiwa na miwani.

Nimalizie na swali ambalo vijana wawili waliniletea kabla hatujaanza: tunaweza kutengeneza hapa? Chokaa tunayo, samaki tunao, mama zetu wanajua kupika.

Tunaweza, na kigumu si kile mnachodhani. Adui wa kwanza ni hewa yetu. Chokaa iliyotoka tanurini ikikaa wazi Mtwara, inakunywa unyevu wa hewani yenyewe, inajizima kimya kimya, na baada ya muda una unga mweupe usiopasha hata kijiko. Akiba yote imekwisha na hakuna aliyekula. Kwa hiyo fedha yenu itakwenda kwenye kifungashio: karatasi yenye tabaka la alumini isiyopitisha unyevu, na mashine ya kuifunga. Adui wa pili ni mtungi wa nyuzi 121. Bila huo mna kifuko kizuri kinachopasha chakula kibaya. Na msije mkaniambia mtatumia saruji kwa kuwa kiwanda kipo jirani. Saruji inatoa joto lake kwa siku nyingi, haitoshi hata kutoa baridi ya mchuzi.

Neno moja la ukali kuhusu malighafi. Pwani hii matumbawe yalichimbwa miaka mingi kwa ajili ya chokaa, Ghuba hii ya Mikindani ikiwemo, na mnajua samaki walikwenda wapi mwamba ulipobomolewa. Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 kwa sababu za namna hiyo. Chokaa ya mradi wenu itoke kwenye mawe ya nchi kavu, yapo mengi. Nikisikia mmegusa mwamba hai, nitakuwa wa kwanza kwenda kwa viongozi wa BMU, na wamekaa hapa wananisikia.

Mzee pale nyuma anauliza vifuko vilivyotumika vitupwe wapi. Kwanza acha vipoe kabisa, mahali pa wazi, kwa sababu vile vyenye magnesiamu au alumini huendelea kutoa haidrojeni kidogo kidogo. Usivitie kwenye pipa lenye mfuniko vikiwa vya moto. Kile cha chokaa tupu, unga wake unaweza kuumwaga shambani. Mashamba ya mikorosho yaliyopuliziwa salfa miaka mingi udongo wake unakuwa na tindikali, na chokaa inaipunguza. Ila kiasi gani kwa shamba lako, waulizeni watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wakupimie udongo kwanza. Vile vilivyochanganywa na alumini usivimwage shambani, na msivitupe baharini. Haya, anayetaka kuonja asogee, nahodha ameniachia kidogo, na sufuria bado ni ya moto, mshike kwa kitambaa.